Tumbo la Mtoto wa Kike: Uvimbe wa Ovari Unapogeuka Kuwa Dharura

Kamati za diakonia za sharika kadhaa zimetuomba tueleze jambo ambalo halizungumzwi sana, pengine kwa sababu linagusa sehemu za mwili ambazo wengi wetu tunaona haya kuzitaja mbele za watu. Jambo lenyewe ni uvimbe unaoota kwenye ovari za watoto wadogo wa kike, na namna unavyoweza kuleta maumivu ya tumbo ya ghafla yanayohitaji upasuaji siku hiyo hiyo.

Tuseme mapema kwamba ugonjwa huu si wa kila siku. Malaria, nimonia na kuharisha bado vinawapata watoto wengi zaidi, na kati ya saratani zote za watoto, zile za ovari ni takriban asilimia 1 tu. Mtu anaweza basi kuuliza kwa nini tuupe kurasa zote hizi. Sababu ni kwamba mtoto anayepatwa na hali hii hupita kwanza mikononi mwetu: mama yake, bibi yake, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mzee wa kanisa, mwenye bodaboda. Daktari humwona mwishoni. Muda unaopotea, kwa sehemu kubwa, hupotea kabla hajafika kwa daktari, na huo ni muda ambao kamati ya usharika inaweza kuufupisha.

Ovari zipo tangu kuzaliwa

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mambo ya kizazi huanza msichana anapovunja ungo. Sivyo. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na ovari zake mbili, na ndani yake mayai yake yote. Kwa hiyo uvimbe wa ovari unaweza kumpata mtoto wa miaka mitatu, wa miaka saba, hata kichanga. Tena kuna vichanga ambao kipimo cha ultrasaundi huwaonyesha wakiwa na kifuko cha maji kwenye ovari kabla hawajazaliwa, kwa sababu ya homoni za mama zinazowafikia tumboni. Vifuko vingi vya namna hiyo hunywea vyenyewe katika miezi ya kwanza, ila vikubwa hufuatiliwa kwa kuwa navyo vinaweza kuleta matatizo tunayoyaeleza hapa.

Kwa mwanamke mzima ovari imejificha chini kabisa, ndani ya nyonga. Kwa mtoto mdogo nyonga bado ni finyu, na ovari iko juu zaidi. Ndiyo maana uvimbe ukianza kukua hupanda na kuingia tumboni. Mama anayemwogesha mwanawe anaweza kuugusa kama chungwa lililojificha chini ya ngozi, au akaona gauni la mwaka huu linabana tumboni wakati mabega bado yanapwaya. Mtoto anaweza kukojoa mara kwa mara, au kushindwa kukojoa vizuri, au kufunga choo, kwa sababu uvimbe unakandamiza kibofu na utumbo. Mara nyingi hana maumivu yoyote, na watu husema mtoto amenenepa, ana minyoo, au ana bandama.

Uvimbe wenyewe ni wa aina nyingi, na hatutazitaja zote. Ulio wa kawaida zaidi kwa watoto huitwa teratoma, na kwa sehemu kubwa si saratani. Madaktari wanapoufungua hukuta ndani mafuta mazito, nywele, mara nyingine mfupa au jino. Hapa tunaomba wasomaji watulie kidogo, maana habari hizi zikifika kijijini bila maelezo zinaweza kuvunja familia. Mtu huambiwa mtoto wake ametolewa nywele na meno tumboni, na kabla jua halijazama ameshatajwa bibi fulani au mke mwenza kwamba ndiye aliyemroga.

Maelezo ya kitabibu ni haya. Yai lililo ndani ya ovari ni chembe ambayo kwa asili yake ina uwezo wa kutengeneza kila kiungo cha mwili wa binadamu. Ikitokea chembe ya namna hiyo ikaanza kugawanyika bila mpangilio, bila kurutubishwa na bila mtoto kuwa amekutana na mwanamume, hutengeneza ngozi, na palipo na ngozi huota nywele. Hutengeneza fizi, na palipo na fizi huweza kuota jino. Si mimba, si pacha aliyemezwa, wala hakuna mtu aliyetia kitu tumboni. Tungependa kila mchungaji, mwinjilisti na mshauri wa familia awe na maelezo haya kichwani.

Namna dharura inavyotokea

Fikirini embe linaloning'inia kwenye kikonyo chake. Ovari nayo imeshikiliwa na kikonyo ambamo hupita mishipa ya damu. Ikiwa ndogo hutulia mahali pake, lakini ikibeba uvimbe mzito inaweza kujisokota, mara moja, mara mbili, hata zaidi, pengine mtoto akiwa anaruka kamba au amelala tu. Kikonyo kikisokotwa, mishipa inayorudisha damu, ambayo ina kuta laini, hubanwa kwanza. Ile inayopeleka damu ina kuta ngumu na huendelea kusukuma. Damu inaingia lakini haitoki. Ovari huvimba, hugeuka rangi ya zambarau iliyokolea, na mwishowe hata damu inayoingia husimama. Kuanzia hapo ovari inakufa polepole.

Kwa watoto kuna jambo la ziada. Ovari isiyo na uvimbe wowote nayo inaweza kujisokota, kwa sababu kikonyo chake kwa watoto ni kirefu kulinganisha na mwili. Hivyo kutouhisi uvimbe kwa mkono si sababu ya kumrudisha mtoto kitandani.

Dalili kuu ni maumivu ya ghafla ya tumbo la chini, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Homa inaweza isiwepo kabisa, au ikawa kidogo. Maumivu yanaweza kuja, kutulia kwa saa kadhaa, kisha kurudi kwa nguvu, kwa kuwa ovari inaweza kujisokota na kujisokotoa. Utulivu huo wa katikati umewadanganya wazazi wengi. Mtoto mdogo hawezi kuonyesha mahali panapouma. Atashika kitovu tu. Kichanga atalia bila kubembelezeka, atakunja miguu na kukataa ziwa.

Mara nyingi kinachojisokota ni ovari ya kulia, kwa sababu upande wa kushoto umejazwa na sehemu ya utumbo mpana inayopunguza nafasi ya kuzunguka. Matokeo yake ni kwamba hali hii hufanana sana na ya kidole tumbo, ambacho nacho huuma kulia. Hata mganga mzoefu anaweza kuchanganya. Kosa hilo si kubwa, maana yote mawili yanahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, na mpasuaji akifungua atauona ukweli.

Njia nyingine ya dharura ni uvimbe kupasuka. Ukipasuka, damu au majimaji yake humwagika tumboni. Mtoto hupauka, hutokwa jasho la baridi, na tumbo huwa gumu kama ubao. Huyu hana muda wa kusubiri gari la asubuhi.

Saa zinavyopotea

Tumetunga mfano ufuatao ili kamati ziuone mtiririko, ingawa hakuna hatua ndani yake ambayo ni ngeni kwa yeyote aliyeishi vijijini kwetu. Mtoto wa miaka saba anaanza kulia tumbo saa 2 usiku. Anatapika mara mbili. Bibi anasema ni chango, anampa dawa ya mizizi na kumchua tumbo kwa mafuta. Saa 6 usiku maumivu yanapungua, wote wanalala. Alfajiri yanarudi. Baba yuko mnadani na ndiye mwenye kauli ya fedha, kwa hiyo wanamsubiri. Saa 5 asubuhi wanafika zahanati, wanapewa dawa ya minyoo na ya maumivu, wanaambiwa warudi kesho hali isipobadilika. Usiku wa pili mtoto hajikunji tena, amelala kimya, na watu wanadhani amepata nafuu. Siku ya tatu mwinjilisti anakuja kumwombea, anaona midomo imekauka na tumbo limejaa, anapiga simu kutafuta gari. Hospitali ya wilaya wanaifikia saa 10 jioni.

Hesabuni wenyewe: ni saa 44. Hakuna aliyekuwa mwovu katika mfano huu. Bibi alifanya alichofundishwa, zahanati ilitibu kilicho cha kawaida, na mwinjilisti aliyekuja kuomba ndiye aliyetazama vizuri. Ila kila mmoja angejua neno moja tu, kwamba mtoto wa kike anayeumwa tumbo ghafla na kutapika apelekwe panapoweza kupasuliwa, zingebaki saa 10 au 12.

Je, saa ngapi ni mwisho? Madaktari hawana saa moja ya kukata. Kadiri muda unavyokwenda ndivyo uwezekano wa kuiokoa ovari unavyopungua, lakini zimeokolewa ovari hata baada ya zaidi ya siku moja. Kwa hiyo mzazi asiambiwe kamwe kwamba amechelewa mno, akakata tamaa na kubaki nyumbani.

Kuna mambo mawili tunayosihi yaachwe. Tumbo linalouma lisichuliwe, kwa kuwa uvimbe unaweza kupasuka. Pili, mtoto asiingiziwe dawa za mitishamba kwa njia ya haja kubwa. Dawa ya kawaida ya maumivu aliyoandikiwa na mhudumu wa afya haina ubaya, wala haimzuii daktari kutambua ugonjwa. Chakula kizito asipewe njiani, maana akifika anaweza kuhitaji nusu kaputi.

Pale watu wanapodhani ni mimba

Sehemu hii inawahusu zaidi wasichana wa miaka kuanzia 9 hadi 14, walio shuleni na katika mafundisho ya kipaimara. Tumbo la msichana likikua, neno la kwanza mtaani ni mimba. Na jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawalikumbuki ni kwamba kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha mimba pasipo na mimba yoyote. Kipimo kile hakimtazami mtoto tumboni. Kinatafuta homoni moja. Baadhi ya saratani zinazotokana na chembe za mayai hutoa homoni hiyo hiyo, na kipimo hutoa mistari miwili.

Mpaka mwaka 2021 msichana wa shule hapa Tanzania aliyekutwa na mimba aliondolewa shuleni na hakurudi katika mfumo wa kawaida. Novemba mwaka huo serikali ilibadilisha utaratibu, na sasa anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Ni hatua njema. Lakini msichana mwenye uvimbe hasubiri kujifungua. Akikaa nyumbani miezi tisa kwa aibu, uvimbe unakua nae miezi tisa. Kwa hiyo tunashauri kila msichana ambaye kipimo cha mkojo kimeonyesha mimba apimwe pia kwa ultrasaundi. Kipimo hicho kitaonyesha kama mfuko wa uzazi una mtoto au ni mtupu na pembeni yake pana uvimbe.

Upo pia uvimbe wa ovari, nao ni nadra, unaotoa homoni za kike, na mtoto wa miaka minne au mitano akaanza kuota matiti au kutokwa damu ukeni. Wazazi hushtuka, na wana haki ya kushtuka. Hatusemi kwamba kila damu ni uvimbe. Watoto wetu hudhulumiwa kweli, na hilo lazima lichunguzwe na wanaohusika bila kuoneana haya. Tunachosema ni kwamba mtoto apelekwe hospitali mambo yote mawili yatazamwe, kabla ya mtu yeyote kuhukumiwa au kusafishwa na kikao cha ukoo.

Hospitalini

Wazazi wengi huogopa ultrasaundi kwa mtoto wa kike wakidhani kitu kitaingizwa ukeni. Kwa mtoto kipimo hupitishwa juu ya ngozi ya tumbo, basi. Hakiumi, hakina mionzi, na mtoto hunyweshwa au huwekewa maji ili kibofu kijae na kusaidia picha kuonekana. Ikumbukwe kwamba ultrasaundi inaweza kuonyesha damu bado inapita kwenye ovari iliyojisokota, hivyo daktari mwenye mashaka ya kweli atafungua tumbo hata kama picha haijasema yote.

Inapowezekana, damu huchukuliwa kabla ya upasuaji ili kupima vitu viwili ambavyo baadhi ya saratani hizi huvitoa: ile homoni ya mimba tuliyoitaja, na protini iitwayo alfa-fetoprotini. Kichanga huzaliwa akiwa na protini hiyo kwa wingi, kwa hiyo majibu yake husomwa kwa kuangalia umri.

Zamani mpasuaji akikuta ovari nyeusi aliikata moja kwa moja. Siku hizi mwongozo umebadilika. Ovari husokotolewa kwanza na kuachwa mahali pake, kwa kuwa nyingi zinazoonekana zimekufa hupona baada ya wiki chache. Uvimbe usio saratani hutolewa na ovari kubakishwa. Panapokuwa na dalili za saratani, uvimbe hutolewa mzima bila kupasuliwa, maana ukimwagika tumboni tiba inakuwa ngumu zaidi. Na wazazi waambiwe hili kwa sauti: msichana aliyebaki na ovari moja yenye afya atavunja ungo kama wenzake na anaweza kuzaa.

Kinachotusumbua zaidi baada ya upasuaji ni kile kipande kilichotolewa. Kinapaswa kuhifadhiwa katika dawa na kupelekwa maabara ya patholojia kusomwa kwa hadubini. Gharama yake mara nyingi ni ya mzazi, maabara iko mbali, majibu huchukua wiki kadhaa, na mtoto anaonekana amepona. Familia inarudi nyumbani na kipande kinabaki rafuni. Bila jibu hilo hakuna anayejua kama mtoto alikuwa na saratani. Akiwa nayo, aina nyingi zinazotokana na chembe za mayai hutibika vizuri sana kwa dawa za kupitia mshipa, yaani bleomisini, etoposidi na sisplatini, hata pale ugonjwa ulipokwisha kusambaa. Ni uchungu kumpoteza mtoto kwa ugonjwa unaotibika kwa sababu chupa moja haikusafirishwa.

Uvimbe usiotaka kisu

Upo uvimbe mmoja wa ovari ambao historia yake ni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Watoto hao hao walikutwa na uvimbe tumboni, kwenye figo na ini, na kwa wasichana kwenye ovari, mara nyingi zote mbili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kwa takriban wiki 10, zaidi ya kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za misheni, kuuliza kama uvimbe huo unaonekana. Tunapenda kukumbusha kwamba sehemu ya elimu hiyo ilijengwa na wauguzi na madaktari wa hospitali ndogo za makanisa waliokuwa wakiweka kumbukumbu vizuri. Uvimbe huo ulionekana zaidi kwenye joto na mvua, yaani palipo na malaria nyingi, na mwaka 1964 wanasayansi wa London walitangaza kirusi kipya walichokiona katika chembe za uvimbe kutoka Uganda.

Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi ya ajabu, na hunywea kwa dawa. Kisu si tiba yake. Kwa hiyo mtoto mwenye tumbo lililovimba na taya au uso uliovimba, hasa kutoka kanda ya ziwa au maeneo mengine ya malaria, apewe rufaa haraka kwenye hospitali yenye tiba ya saratani za watoto, kama Bugando, KCMC au Muhimbili. Pale Muhimbili kitengo cha saratani za watoto hufanya kazi pamoja na shirika la Tumaini la Maisha.

Usharika unaweza nini

Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama kwa gharama wanayoimudu. Ilipendekeza watu waweze kufika ndani ya saa 2 kwenye hospitali inayoweza kufungua tumbo, kumpasua mama anayejifungua na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Saa 2 hizo ndizo tunazoziomba kamati zizipime. Kaeni na kuuliza: kutoka mtaa wetu wa mbali kabisa, usiku wa masika, mtoto atafika vipi? Gari ni la nani, mafuta ni ya nani, na nani mwenye ruhusa ya kutoa fedha bila kusubiri kikao?

Mipango iliyopo ina pengo. Mfumo wa m-mama, ambao mtu hupiga simu namba 115 bila malipo, umewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma ni kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wetu wa miaka saba amekaa katikati, hahesabiwi huku wala kule. Hapo mfuko wa diakonia una kazi ya kufanya. Sharika ambazo hutenga sehemu ya mnada wa mazao baada ya ibada kwa ajili ya dharura hazihitaji mpango mpya. Zinahitaji kukubaliana tu kwamba mtunza hazina na mzee mmoja wanaweza kutoa nauli usiku, na taarifa ikafuata.

Jambo moja la busara. Michango inapotangazwa kanisani, ugonjwa wa mtoto usitajwe. Inatosha kusema mtoto wa mtaa fulani anahitaji upasuaji. Neno kizazi likishatamkwa mbele ya watu mia tatu halirudi, na litamfuata msichana huyo siku ya kuposwa.

Kwa wafadhili wetu tuna neno la wazi. Mashine ya ultrasaundi ni zawadi inayopigwa picha vizuri, lakini bila mtu aliyefunzwa kuisoma picha yake inabaki kabatini. Tungependelea fedha ziende kwanza kwa mafunzo ya mtu huyo, kisha kwa vifaa vya nusu kaputi vya saizi ya watoto pamoja na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, kisha kwa kusafirisha vile vipande vya patholojia na kulipia usomaji wake. Hakuna kati ya hivyo kinachovutia kwenye kalenda. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanaopona ifikapo 2030, wakati nchi tajiri zimeshavuka asilimia 80. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa imefichwa katika vitu vidogo vya namna hii.

Mwisho, kuhusu ufuatiliaji. Mtoto aliyetolewa teratoma anaweza kupata nyingine miaka ya baadaye, hata kwenye ovari ya pili, na aliyetibiwa saratani hupimwa damu mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Kila mtoto aliyepasuliwa arudi na karatasi yenye mambo matatu: kilichotolewa ni nini, jibu la patholojia lilikuwa nini au linatarajiwa lini, na tarehe ya kurudi kliniki. Mzazi aitunze karatasi hiyo pamoja na kadi ya ubatizo, na katibu wa diakonia aandike tarehe tu, bila jina la ugonjwa, katika daftari lake, ili wiki moja kabla ya kliniki amkumbushe mama na kuuliza kama nauli ipo.